Mioto Mingi, Jina Moja: Maswali na Majibu juu ya Jina la Smith

Vijana wetu waendao Uingereza kwa masomo au kwa kazi hupokelewa na karatasi yenye nafasi mbili, moja ya jina la mtu na ya pili ya jina la ukoo. Na kijana aliyezoea tangu utotoni kuitwa fulani bin fulani hushika kalamu akasita, asijue aandike jina la baba, la babu, au nisba ya kabila lake. Kusita huko ndiko kulikozaa barua nyingi nilizoletewa na wasomaji, wakitaka kujua Waingereza wenyewe waliyatoa wapi majina yao ya ukoo, na kwa sababu gani jina moja, Smith, limewaenea kuliko mengine yote. Nimeyakusanya maswali yao, nikayapanga kwa namna yanavyofuatana, nami nayajibu hapa moja baada ya moja.

Swali: Maalim, neno Smith maana yake nini, nalo limetoka katika lugha gani?

Jibu: Maana yake ni mhunzi, yule tumwitaye pia mfua chuma. Ni neno la Kiingereza cha kale, lililotumika hapo mwanzo kwa fundi yeyote mwenye kuunda kitu kwa mkono na chombo kikali, awe anachonga mti au anafua madini. Baadaye ndipo lilipojifunga na fundi wa madini, na hasa wa chuma. Ndugu zake ni Schmidt wa Wajerumani, Smit wa Waholanzi na Smed wa Waswidi, kwa kuwa lugha hizi zote zilitoka katika mama mmoja. Wako wasimulizi wanaodai kwamba limetokana na tendo la kupiga, kwa sababu Kiingereza kina neno la kupiga linalofanana nalo kwa sauti; dai hilo lavutia, walakini wanazuoni wa lugha hawalikubali, maana mzizi wa neno hili waelekea kukata na kuchonga, wala si kupiga.

Ili jina lisibaki neno tupu, na tuingie katika kiwanda cha mhunzi wa kijiji cha Kiingereza, katika karne ya 13. Ndani mna giza, nalo ni giza la makusudi, kwa maana mhunzi hujua joto la chuma kwa rangi yake, na rangi hiyo haitambulikani vema palipo mwanga wa jua. Mwanawe ameishika mivukuto, anavukuta kwa mpango, makaa yanapumua. Chuma kilicholazwa ndani yake chawa chekundu mithili ya damu iliyoganda, kisha chawa cha rangi ya chungwa, kisha cha manjano, na hapo baba hukitwaa upesi kwa koleo, akakilaza juu ya fuawe, akakishushia nyundo kabla rangi haijafifia. Kikipozwa majini chalia, na mvuke hujaza kiwanda. Kitu hicho kidogo kilichotoka motoni, ikiwa ni ncha ya jembe la kukokotwa na ng'ombe, au mundu, au bawaba ya mlango, ndicho kijiji kizima kilichokuwa kikikingojea. Kwa kuwa pasipo mhunzi hapakulimwa, hapakuvunwa, wala hapakufungwa mlango.

Swali: Ikiwa kijiji kimoja kilikuwa na mhunzi mmoja tu, au wawili wakizidi, imekuwaje jina lake likawashinda wakulima waliokuwa wengi mno?

Jibu: Swali hili ndilo kiini cha mambo yote, na jibu lake huwashangaza wengi. Jina la mhunzi lilienea kwa sababu mhunzi alikuwa mmoja. Jina la kumtambulisha mtu halina faida ila likimtenga na wenziwe. Katika kijiji chenye akina John kumi, tisa kati yao wakiwa wakulima, kumwita mmoja John Mkulima si kumtambulisha, kwa kuwa hujamtofautisha na yeyote; lakini ukisema John Mhunzi, hata mtoto mdogo humjua umtakaye. Basi kila kijiji, kwa hiari yake na pasipo kushauriana na kijiji jirani, kilimpa mtu wake huyo mmoja lakabu ileile. Na vijiji vilikuwa maelfu. Jumlisha mmoja mmoja kutoka maelfu ya vijiji, utapata jeshi la watu. Mkulima aliyekuwa kila mahali hakupewa jina la kazi yake, bali aliitwa kwa jina la babaye, au kwa kilima alichokaa karibu nacho, au kwa rangi ya nywele zake.

Husikika pia hadithi kwamba akina Smith ni wengi kwa sababu wahunzi waliachwa nyumbani kufua silaha, wakati wenziwao walipokwenda vitani wakafa. Sijaona ithibati ya hadithi hiyo, na wala hatuihitaji. Hesabu ya vijiji yatosha.

Swali: Tangu lini lakabu hiyo iligeuka kuwa jina la kurithiwa na watoto?

Jibu: Yapasa kwanza tupambanue vitu viwili, yaani lakabu ya mtu na jina la nasaba. Lakabu humfuata mwenyewe hadi kaburini kisha ikafa pamoja naye. Jina la nasaba huwafuata watoto wake hata kama hawana sifa ile. Mtu wa kwanza tunayemwona katika maandishi akiwa na lakabu hii ni mmoja aliyeitwa Ecceard, katika nchi ya Durham, kaskazini ya Uingereza, mnamo mwaka 975. Naye hapana shaka aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mhunzi kweli.

Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mabwana wakubwa ndio waliotangulia kurithisha majina, kwa sababu walikuwa na ardhi ya kurithisha, na jina lilikuwa kama muhuri wa haki ya ardhi hiyo. Watu wa kawaida walifuata polepole, wale wa kusini wakitangulia na wa kaskazini wakichelewa, hata ilipofika karne ya 15 wengi wa Waingereza walikuwa wameshapata majina ya kudumu. Waliowahimiza ni makarani. Mahakama za mabwana wa ardhi, ambazo kazi yake mojawapo ilikuwa kuandika nani amerithi shamba la nani, zilihitaji kumjua mtu kwa jina lisilobadilika; na kodi za kichwa zilizotozwa katika miaka ya 1377, 1379 na 1381 zilizidisha haja hiyo. Daftari za kodi hizo zina thamani kubwa kwetu, kwa kuwa mahali pengi karani aliandika jina la mtu na kazi yake pia; na humo ndimo mtafiti aonamo, kwa macho yake, jina likiachana na kazi. Safu moja yakuonyesha mtu aliyeitwa mhunzi na kazi yake ni uhunzi. Safu nyingine yakuonyesha mtu aitwaye mhunzi ambaye kazi yake ni nyingine kabisa. Hapo jina limekwisha kuwa urithi.

Kwa mhunzi mabadiliko hayo yalikuwa mepesi kuliko kwa wengine, kwa sababu kazi yenyewe ilirithiwa. Wahenga wetu walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Na kusana, kwa vijana waliolisahau neno hili, ndiko kufua chuma. Mtoto aliyeanza kwa mivukuto aliishia kwenye nyundo, akaitwa kama babaye kwa kuwa alikuwa kama babaye. Na mjukuu alipokuja akaiacha nyundo, jina lilikuwa limeshazoeleka katika vinywa na katika vitabu, lisiondoke tena.

Swali: Nimesikia kwamba walioandikwa Smyth au Smythe ni watu wa daraja la juu. Je, ni kweli?

Jibu: La, si kweli kwa upande wa asili. Zamani tahajia ya Kiingereza haikuwa na sheria, na karani mmoja aliweza kumwandika mtu mmoja kwa namna mbili katika ukurasa mmoja. Herufi ya *y* ilipendwa kwa sababu ya macho tu: katika hati za mkono wa zamani, *i* ilikuwa kijistari kifupi kisicho na nukta ya wazi, nayo ikifuatana na *m* iliyo na vijistari vitatu humchanganya msomaji, kwa hiyo mwandishi aliweka *y* yenye mkia ili neno lisomeke. Baadaye sana, tahajia ilipotulia, baadhi ya jamaa walishikilia namna ya kale ili wajitenge na umati, na ndipo ikaonekana kana kwamba ni alama ya utukufu.

Tofauti iliyo na maana ni ya majina yenye kiambatanisho, kwani hayo yatueleza uhunzi uligawanyika namna gani. Arrowsmith alikuwa mfua ncha za mishale, Sixsmith mfua miundu, Naismith mfua visu, Shoesmith mfua vyuma vya kwato za farasi, na Goldsmith ndiye sonara.  Na Smithson ni mwana wa mhunzi, kama tusemavyo bin.

Swali: Akina Smith ni wangapi Uingereza, na je, wamekaa sehemu zote kwa usawa?

Jibu: Mrajisi Mkuu wa vizazi na vifo alichapisha, kwa hesabu za mwaka 1853, makisio ya majina yaliyoenea katika Uingereza na Wales. Smith likawa la kwanza kwa watu 253,600, Jones la pili kwa 242,100, Williams la tatu kwa 159,900, na Taylor, yaani mshonaji, la nne kwa 124,400. Kwa lugha nyepesi, katika kila watu 73 mmoja alikuwa Smith. Leo wenye jina hili Uingereza wamezidi laki tano, nao wangali wa kwanza. Na huko Scotland pia Smith ndilo jina la ukoo lililo mbele ya yote.

Kwa habari ya mtawanyiko wao, jina hili lapatikana karibu kila mahali, likizidi kidogo upande wa mashariki na wa katikati ya Uingereza na kaskazini-mashariki ya Scotland, likipungua sana Wales na Cornwall. Upungufu wa Wales una sababu itakayowafurahisha wasomaji wetu. Watu wa Wales walikuwa wakijitambulisha kama sisi, kwa mnyororo wa baba: neno lao *ap* ni sawasawa na bin, na mtu aliweza kuhesabu mababu saba au wanane pasipo kusita. Walipolazimika kuingia katika mtindo wa Kiingereza waliufunga mnyororo huo kwenye pete moja, jina la baba au la babu, na kwa kuwa majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache, wakawa wengi akina Jones, yaani wana wa John, na akina Williams na Davies. Cornwall nako mhunzi aliitwa kwa lugha ya huko, ndipo likatoka jina la Angove.

Enyi wapenda utafiti, angalieni jinsi Smith linavyotofautiana na majina mengine ya kazi. Iko kazi ya kukanyaga na kuponda nguo za sufu majini mpaka nyuzi zishikane; fundi wake aliitwa Walker kaskazini, Tucker kusini-magharibi, na Fuller kusini-mashariki. Ukikutana na jina Tucker, umeshaonyeshwa upande wa nchi ambako huenda asili yake ilianzia. Ukikutana na Smith, hukuonyeshwa upande wowote, kwa maana mhunzi aliitwa mhunzi kila pembe.

Swali: Basi je, akina Smith wote ni ukoo mmoja, wana damu moja?

Jibu: Hata kidogo, na hili ndilo ningependa kila msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Mtu mwenye jina la Smith hana udugu na Smith mwingine kwa sababu ya jina peke yake, kama vile maseremala wawili wasivyokuwa ndugu kwa sababu ya randa.

Jambo hili lilikuwa likijulikana kwa akili, na sasa limethibitika kwa elimu ya urithi wa mwili. Katika Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King, mwanamke yuleyule aliyeongoza uchunguzi wa urithi wa mifupa ya Mfalme Richard III iliyofukuliwa mwaka 2012, pamoja na Mark Jobling, walichunguza wanaume 1,678 wenye majina 40 ya ukoo ya Kiingereza, na matokeo wakayachapisha mwaka 2009. Walitazama kromosomu ya Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume peke yake, kwa hiyo hufuata njia ileile lifuatayo jina. Kwa jina lisilo la watu wengi, kama Attenborough, walikuta wengi mno wa wenye jina hilo wana alama za aina moja, dalili ya kuwa wametoka kwa babu mmoja. Walipofika kwa akina Smith wakawakuta wametofautiana wao kwa wao kama wanavyotofautiana watu waliookotwa njiani bila kuulizwa majina. Jina moja, lakini mioto ni mingi, na kila moto ulikuwa na mwenyewe.

Swali: Je, wako waliolichukua jina hili ilhali hawakutoka katika wahunzi wa Kiingereza?

Jibu: Wako, tena wengi, na baadhi yao walilichukua kwa amri. Mwaka 1465, chini ya Mfalme Edward IV, ilitungwa sheria iliyowataka Waayalandi waliokaa katika sehemu zilizotawaliwa na Waingereza, ndizo Dublin, Meath, Louth na Kildare, wajipatie majina ya Kiingereza: ama ya mji, ama ya rangi, ama ya kazi, na Smith likatajwa katika mifano ya kazi. Wako tena waliotafsiri wenyewe jina lao la kale: huko Cavan, jamaa walioitwa Mac Gabhann, yaani wana wa mhunzi, wengi wao waligeuka kuwa Smith; na wengine wakabaki McGowan, wakiifuata sauti badala ya maana. Hivyo yawezekana ndugu wawili, wana wa baba mmoja, vizazi vyao viwe na majina mawili tofauti, huku jirani yao Smith wa Kiingereza akifanana nao kwa jina na asihusike nao kwa nasaba.

Akina Smith wengine ni wa kabila la Roma, watu wa misafara, ambao miongoni mwao jina hili limeenea sana, na ambao kwa lugha yao ya ndani walikuwa na neno lao la mhunzi, Petulengro. Kisha wako Wajerumani walioitwa Schmidt, waliohamia nchi za Kiingereza; na vita vya mwaka 1914 vilipozuka, na jina la Kijerumani likawa mzigo juu ya mwenye nalo, wengi walilitafsiri. Katika vita hivyo hata jamaa ya mfalme wa Uingereza, mwaka 1917, iliacha jina lake la Kijerumani ikajiita Windsor.

Swali: Na huko Marekani? Twawaona wenye jina hili miongoni mwa weusi na weupe pia.

Jibu: Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilihesabu watu 2,442,977 wenye jina la Smith, nalo likawa la kwanza katika nchi nzima, likifuatwa na Johnson. Katika watu hao, takriban 71 kwa mia walijiandika kuwa weupe na 23 kwa mia kuwa weusi. Hesabu hiyo ya pili ndiyo niombayo tusimame mbele yake kwa utulivu.

Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu na kuvushwa bahari walinyang'anywa majina yao pamoja na uhuru wao. Katika daftari za mabwana waliandikwa aghalabu kwa jina moja tu, na katika hesabu za serikali za miaka ya 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa, isipokuwa mahali pachache, bila jina lolote, ila umri, jinsia na rangi. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, watu takriban milioni nne walihitaji kuandikwa majina mawili kama watu huru. Si kweli kwamba wote walipachikwa jina la bwana wa mwisho aliyewamiliki. Wengi walikuwa na majina ya siri tangu zamani, waliyokuwa wakitambuana nayo wao kwa wao. Wengine walichagua jina la bwana wa kwanza wa wazee wao, ili jamaa waliouzwa mbali waweze kuwatafuta. Na wengine walichagua jina lililowapendeza masikioni. Booker T. Washington, mwalimu mweusi aliyezaliwa utumwani, amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alipoulizwa jina na mwalimu darasani, naye alikuwa na jina moja tu, alijibu papo hapo kwamba anaitwa Booker Washington. Kwa hiyo Smith mweusi wa Marekani asidhaniwe kuwa amevaa jina la mtu mwingine; yawezekana kabisa kwamba babu wa babu yake alilichagua mwenyewe, asubuhi ya kwanza ya uhuru wake.

Kuhusu wahamiaji wa Ulaya, husemwa kwamba maofisa wa bandari ya New York ndio waliowabadilisha majina. Si hivyo. Maofisa wale walisoma majina kutoka katika orodha zilizokwisha kuandikwa na wenye meli. Mabadiliko mengi yalifanywa na wahamiaji wenyewe baadaye, kazini, shuleni na mahakamani, kwa sababu walizozijua wao.

Swali: Taasisi maarufu ya Smithsonian ya Washington yahusiana na jina hili?

Jibu: Yahusiana, na kisa chake chaonyesha jinsi jina linavyoweza kuumiza na kuponya. Mwungwana mmoja wa Kiingereza, Hugh Smithson, alioa katika jamaa kubwa ya Percy, akaliacha jina la mwana wa mhunzi akatwaa la wakweze, akawa Duke wa Northumberland. Alizaa mtoto nje ya ndoa, aliyezaliwa Paris mnamo mwaka 1765, akalelewa kwa jina la upande wa mama, akakua akawa mwanakemia hodari. Mama yake alipofariki, kijana alilitwaa jina lile baba alilolitupa, akajiita James Smithson. Alifariki Genoa mwaka 1829. Na kwa mujibu wa wasia wake, mpwawe alipokufa bila mtoto, mali yote ilikwenda Marekani, nchi asiyoikanyaga maishani mwake, ili ijengwe nyumba ya kuongeza na kueneza elimu, nayo iitwe kwa jina lake. Bunge la huko liliutimiza wasia huo mwaka 1846. Baba aliona jina hilo ni dogo. Mwana alilipandisha juu ya mlango wa elimu.

Swali: Je, mataifa mengine nayo yana majina ya mhunzi?

Jibu: Karibu yote, kwa kuwa haja ya chuma haina kabila. Ferrari na Fabbri wa Italia, Lefebvre na Faure wa Ufaransa, Herrera wa Hispania, Ferreira wa Ureno, Kowalski wa Poland, Kuznetsov wa Urusi, Kovács wa Hungaria: wote hao ni wahunzi, au watu wa kiwanda cha mhunzi na machimbo ya chuma. Na sisi wa pwani twalijua jina la Kiarabu lenye maana hiyohiyo, nalo ni Haddad. Ratibu isomwayo misikitini na majumbani, kuanzia Lamu hadi Unguja na visiwa vya Ngazija, ni ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, katika Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720. Basi anayedhani kwamba jina la mhunzi ni jina la Waingereza peke yao, na asikilize inayosomwa jirani yake.

Swali: Mjukuu wangu ameoa mwanamke wa Kiingereza aitwaye Smith, nao wataka kuwatambua wazee wa upande wake. Waanzie wapi?

Jibu: Waanze na walio hai, kwa kuwa mzee mmoja aliyeketishwa kwa heshima akaulizwa kwa upole ana mengi yasiyokuwamo kabatini. Kisha wafuate mahali, wala wasifuate jina. Kumtafuta John Smith katika Uingereza yote ni kutafuta punje moja ya mtama ghalani. Kumtafuta John Smith wa kijiji hiki, mume wa fulani, mwashi, ni jambo liwezekanalo. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, na hati ya ndoa humtaja baba wa kila upande na kazi yake. Sensa hufanywa kila miaka kumi, na tangu 1841 majina ya watu wa nyumba kwa ujumla yaliandikwa na kuhifadhiwa. Ila walijue pengo moja, kwamba sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita. Nyuma ya mwaka 1837 wataingia katika daftari za makanisa, zilizoamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, mwaka 1538, zenye ubatizo, ndoa na maziko. Na hati za wasia zitawaonyesha ndugu waliosahaulika. Watembee hatua kwa hatua kurudi nyuma, wasiruke kizazi hata kimoja, wala wasimwokote mtu mashuhuri wa zamani kisha wakatafuta njia ya kumfikia.

Swali: Na mimi niliyeshika kalamu mbele ya karatasi yenye nafasi mbili, niandike nini?

Jibu: Mwanangu, jina utakaloliandika hapo, huko kwa desturi huchukuliwa kuwa la watoto wako na la wajukuu wako, hata likiwa ni la babu ambaye kwetu angetajwa mara moja tu katika mnyororo wake. Karani wa karne ya 14 aliyeandika Smith mbele ya jina la mhunzi hakukusudia kukata nasaba ya mtu. Alikuwa akikusanya kodi. Lakini kwa kuwa mhunzi mwenyewe hakuwa na daftari lake, kilichobaki ni neno la karani, na nyuma ya neno hilo hapana kitu: mamilioni ya watu leo wajua tu kwamba palikuwa na moto mahali fulani, wasijue ni wapi wala aliyeketi mbele yake ni nani.

Kwa hiyo chagua jina moja, ukishauriana na wazee wako, ulishike katika hati zako zote pasipo kulibadilisha. Kisha usiku huohuo chukua daftari lako mwenyewe, uandike jina lako, bin baba yako, bin babu yako, na kuendelea hadi mzee wa mwisho unayemjua, pamoja na mji wa kila mmoja na kazi ya mkono wake, na jina la mama yake pia. Aliyekuwa mhunzi umwandike mhunzi. Aliyekuwa nahodha, mvuvi au mkulima, umwandike hivyo. Wape watoto wako daftari hilo wangali wadogo, ili karatasi ya serikali iwe na jina moja, na nyumba yako iwe na yote.